Kompyuta inakata pap! kila jioni: kabla hujapiga Windows kwa mara nyingine

"Habari za kazi fundi. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Ujiji. Nina kompyuta ya mezani, mtumba, niliyoletewa na mwanangu miaka minne iliyopita. Humo ndimo ninamotunzia hesabu za kikoba chetu, mimi ndiye katibu, na wajukuu wanajisomea humo humo. Tangu mwezi wa sita inazima ghafla. Haisemi kitu, inakata tu kama umeme umekatika, wakati taa na TV vinaendelea. Asubuhi inaweza kukaa hata saa tatu nzima. Ikifika saa moja usiku, nusu saa haiishi. Nikiiwasha papo hapo inakata tena baada ya dakika mbili. Nikiiacha kidogo, inakaa. Naitunza sana: ipo ndani ya kabati la meza na nimeifunika kitambaa vumbi lisiingie. Fundi wa kwanza alisema ni virusi, akapiga Windows upya kwa shilingi 30,000. Ilikaa wiki moja tu. Wa pili akasema madabodi imekufa, nitafute mashine nyingine. Na siku hizi nikichomoa waya ukutani, saa yake inarudi mwaka 2012. Nimsikilize nani? Hesabu za watu 27 zimo humo. Jambo jingine, sijui kama linahusu: friji ikianza kunguruma, taa ya sebuleni hufifia kidogo."

Shikamoo Mwalimu.

Nianze na hesabu za kikoba, maana hizo hazina duka la kununulia. Kesho asubuhi, wakati mashine bado inakubali kukaa, chomeka flashi unakili faili la hesabu na picha zote unazozihitaji. Kisha faili hilo hilo litume kwenye barua pepe yako, au kwa WhatsApp kwa mweka hazina. Nakala mbili, mahali pawili. Kila mashine inapokata katikati ya kuandika, diski inabaki na jambo nusu, na ipo siku faili litakataa kufunguka. Mambo mengine yote nitakayoyasema yanaweza kusubiri wiki, hili lisisubiri.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Sidhani kama ni virusi, na sidhani kama madabodi, lile bamba kuu la ndani linalounganisha kila kitu, imekufa. Barua yako imeeleza dalili vizuri kuliko wateja wengi wanaoniletea mashine mkononi, na jibu karibu lote limo ndani yake.

Tukisema kompyuta "inazima" tunachanganya magonjwa manne. Kuna kuganda: picha ipo, mshale hausogei. Kuna skrini ya bluu yenye maandishi meupe, ambapo Windows yenyewe imekutana na jambo lililoishinda, ikaona heri isimame kuliko kuharibu zaidi. Kuna kujizima na kujiwasha yenyewe bila kuombwa. Na kuna hili lako: giza, feni kimya, kama mtu amechomoa waya. Drayva mbovu (programu ndogo inayoendesha kifaa), programu iliyoharibika na hata virusi hufanya kazi zao Windows ikiwa hai, kwa hiyo mara nyingi utaona kitu kabla: ujumbe wa kosa, uzito usio wa kawaida, hiyo skrini ya bluu. Mashine inayokata pap! bila kuaga, kwa kawaida Windows yake haikujua lolote. Imekatiwa umeme katikati ya sentensi, na wakataji wa kawaida ni wawili: mlinzi wa joto, au pawa saplai, kile kifaa kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya boksi, iliyoshindwa kubeba mzigo.

Hii imani ya virusi ina chanzo chake, na simlaumu fundi wako moja kwa moja. Mwaka 2003 kilienea kirusi kiitwacho Blaster ambacho kweli kilikuwa kinazimisha Windows XP: kinatokea kiboksi, kinahesabu sekunde 60 kurudi nyuma, mashine inajiwasha upya. Mwaka uliofuata akaja mwingine wa tabia hiyo hiyo, Sasser. Mafundi wengi wa umri wangu walijifunzia kazi miaka hiyo. Lakini angalia, hata Blaster alikuwa anaaga. Virusi vya siku hizi vinataka mashine yako iwake usiku kucha ili viibe nywila, au vifunge mafaili wezi waliovituma wakudai pesa. Kukuzimia kompyuta saa moja usiku hakuwaingizii kitu.

Fundi mwingine anaweza kukufungulia kumbukumbu za Windows akakuonyesha mstari wenye alama nyekundu, Kernel-Power 41, akasema "umeona, pawa". Usitoe hukumu kwa mstari huo peke yake. Huandikwa mashine ikishawaka tena, na maana yake ni kwamba mara iliyopita haikuzimwa kwa utaratibu. Ni kama mtoto anayekiri kwenye mahudhurio kwamba jana hakuja shule. Alikuwa wapi, hajasema.

Basi turudi kwenye kitambaa chako, Mwalimu, na naomba usinichukie. Boksi lile tunaloliita CPU, ndani yake kuna CPU ya kweli, yaani prosesa, kijipande cha mraba kisichofika ukubwa wa kiberiti. Nyingi za kompyuta za ofisini zina prosesa ya wati 65 hivi. Taa ya LED ya sebuleni ni wati tisa kumi. Karibu umeme wote ule unageuka joto kwenye eneo la ukubwa wa kidole gumba. Ili isiungue, juu yake kumekalishwa kipande cha alumini chenye mapezi mengi membamba, na juu ya mapezi kuna feni. Feni inavuta hewa ya nje, inaipitisha kwenye mapezi, hewa moto inatokea nyuma ya boksi. Ndiyo mashine nzima ya kupozea, hakuna siri nyingine. Sasa ukiiweka ndani ya kabati na kuifunika, hewa moto inayotoka nyuma inazunguka na kuingia tena mbele. Mashine inapumua pumzi yake yenyewe. Na vumbi haliingii kwa juu kama linavyotua kwenye meza; linavutwa na feni, kupitia upenyo wowote, hata kitambaa kiwepo.

Umesema ilianza mwezi wa sita. Hapo ndipo kiangazi chetu kinapoanza, barabara zinakauka, vumbi jekundu linaingia hadi kwenye sukari. Boksi ambalo halijafunguliwa miaka minne, ukitoa feni utakuta juu ya mapezi kumelala kitu kama kipande cha blanketi la kijivu. Moja niliyoifungua Katubuka mwaka jana ilikuwa na blanketi hilo, na mjusi mkavu amebanwa kwenye feni, mkia umening'inia. Mwenyewe alikuwa ameshapigiwa Windows mara tatu.

Prosesa ikikaribia nyuzi joto 100 haingoji kuungua. Kwanza inajipunguzia mwendo, ndipo unaona mambo yanakwenda kwa kusuasua. Joto likizidi bado, inaamuru umeme ukatwe pale pale, bila kumuuliza Windows. Ni ulinzi ule, si ugonjwa. Na ndiyo maana ukiiwasha papo hapo inakata baada ya dakika mbili: alumini bado ni ya moto, haina pa kuanzia. Ukiiacha ikapoa, inakaa. Madabodi iliyokufa haina adabu ya namna hiyo ya kupona ikipumzishwa.

Lakini joto peke yake halielezi kila kitu. Mchana wa Septemba ni wa moto kuliko saa mbili usiku wakati jua limeshazama, na wewe ukianza asubuhi unafika hadi karibu mchana bila shida. Kwa nini basi usiku? Hapa ndipo ile taa inayofifia inapoingia, na umefanya vyema kuitaja ingawa hukujua kama inahusu.

Umeme wa nyumbani kwetu umepangwa kuwa volti 230. Hizo ndizo zinazokusudiwa, ila waya mrefu kutoka kwenye transfoma una ukinzani wake, na kadiri watu wanavyovuta, volti zinapungua njiani. Saa moja usiku mtaa mzima unapiga pasi, unapika, unachemsha maji, na nyumba iliyo mwisho wa laini ndiyo inayobakiwa na makombo. Pawa saplai ya kompyuta haipunguzi ulaji volti zikishuka. Inafidia kwa kuvuta ampia zaidi: wati 100 kwenye volti 230 ni ampia 0.43, kwenye volti 170 ni karibu 0.6, na kwa hiyo nayo inachemka zaidi. Halafu friji inaanza. Mota ya friji inapoanza humeza umeme mwingi kwa mpigo kabla ya kutulia, volti zinazama kwa kitambo kifupi, taa inafifia. Ndani ya pawa saplai kuna kapasita zinazohifadhi akiba ya kuvusha kitambo hicho, na hata ikiwa mpya akiba hiyo ni ya kama sehemu moja ya sitini ya sekunde. Ikishazeeka, kapasita zimekauka, akiba imebaki nusu. Hapo inakata.

Utaniuliza mbona TV haikati. TV nyingi za kisasa zimeundwa kufanya kazi kuanzia volti 100 hadi 240, hazijali. Kompyuta nyingi za mezani za zamani zina swichi ndogo nyekundu nyuma, imeandikwa 115 na 230, na zikiwa kwenye 230 hazipendi kushuka chini ya 180 au karibu na hapo. Kama yako ina swichi hiyo, usiiguse na usiruhusu mjukuu aiguse. Kuiweka 115 kwenye umeme wa Tanzania ni mlio mmoja na moshi.

Kwa hiyo nadhani una wakataji wote wawili, kila mmoja akimsaidia mwenzake: boksi lisilopumua mchana na usiku, na usiku pawa saplai iliyochoka inapewa volti pungufu. Hiyo wiki moja ya nafuu baada ya Windows mpya hainishangazi. Fundi alilifungua boksi, akalibeba, akalitikisa, labda akapuliza kidogo. Kilichosaidia ni hicho, si Windows. Na dukani kwake lilikuwa mezani, wazi, bila kitambaa.

Usiniamini kwa maneno, jaribu. Jioni moja, toa boksi kabatini, liweke juu ya meza, kitambaa pembeni, nyuma yake paache nafasi ya kiganja kimoja hadi ukutani. Liwashe na hapo hapo ubonyeze F2 mfululizo kama ni Dell, au F10 kama ni HP, mpaka ufike kwenye ukurasa wa mipangilio unaokuja kabla ya Windows. Iache hapo hapo saa nzima, kuanzia saa moja usiku, usifanye kitu. Humo Windows haijawaka wala kirusi hakina pa kusimama. Ikikata ukiwa kwenye ukurasa huo, umeshawaondolea lawama programu na virusi kwa pamoja, na mtu asikuguse tena kwa habari ya kupiga Windows. Mashine nyingine huonyesha hapo joto la prosesa. Likiwa linapanda kuelekea 80 na mashine haifanyi lolote, mapezi yamezibwa au feni haizunguki. Isipokata, haijathibitisha kinyume chake, maana humo haichoki kama inapofanya kazi. Endelea kuchunguza.

Wewe ni mwalimu, daftari hukosi. Siku nne tano andika kila inapokata: saa ngapi, friji ilikuwa inaanza au imetulia, taa ilififia, ilikuwa imekaa muda gani tangu kuwashwa. Ikikata papo hapo taa inapofifia, ni volti na pawa saplai. Ikikata baada ya muda unaolingana lingana, hasa wajukuu wakiwa kwenye video, ni joto. Jioni moja zima friji kwa saa mbili uone. Jaribio hilo halina gharama na mara nyingi linatoa jibu siku hiyo hiyo.

Kusafisha unaweza mwenyewe, au kijana yeyote mtulivu wa pale nyumbani. Chomoa waya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili umeme uliobaki utoke. Peleka boksi barazani. Fungua bati la ubavuni, gusa bati tupu kwa mkono kwanza ili umeme wa mwilini uishie hapo. Tumia brashi laini kavu ya kupakia rangi na pampu ya baiskeli au bloa. Feni uishikilie kwa kalamu isizunguke, maana ikizungushwa kwa kasi na upepo inaharibika. Usipulize kwa mdomo, mate huenda na pumzi. Kitambaa cha maji ni mwiko. Ukiwa humo, tazama vile vikopo vidogo vilivyosimama kwenye madabodi, ndizo kapasita. Kichwa chake kinatakiwa kiwe bapa. Kikiwa kimevimba kama andazi, au kuna kitu cha kahawia kimevuja, basi fundi wa pili alikuwa na hoja, na nitamwomba radhi. Vichwa vikiwa bapa, muulize aliionaje hiyo madabodi kuwa imekufa huku inakaa saa tatu kila asubuhi.

Vijiti vya RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya mashine, navyo vichomoe, ufute meno yake ya dhahabu taratibu kwa kifutio cha penseli, uvirudishe mpaka vibanwe. Sitegemei kama ndiyo tatizo lako, RAM mbovu kawaida huleta skrini ya bluu au mlio wakati wa kuwaka, ila ukiwa umeshafungua, fanya.

Kazi mbili zisiwe zako. Ya kwanza ni kuifungua pawa saplai yenyewe, lile boksi la bati linalopokea waya wa ukutani. Ndani yake kuna kapasita inayokaa na zaidi ya volti 300, na huzitunza kwa muda hata ukishachomoa waya. Haifunguliwi nyumbani, inabadilishwa nzima. Ya pili ni kung'oa mapezi yaliyokaa juu ya prosesa. Kati yao kuna pesti ya kijivu au nyeupe inayovusha joto, na baada ya miaka mingi inakauka na kuwa kama chokaa ubaoni. Fundi aifute yote, apake mpya kiasi cha punje ya harage dogo. Ulizia ni pesti ya kazi hiyo. Nimewahi kukuta iliyopakwa dawa ya meno, mtu kaona kwenye simu. Siku mbili tatu inafanya kazi kweli, ikikauka tu mashine iko pale pale.

Ukienda kwa fundi nenda na daftari lako, na ukae naye. Mwambie: safisha, badilisha pesti, kisha azima pawa saplai nzima tuipime kwa jioni moja kabla sijanunua. Fundi mzuri anayo ya majaribio. Tahadhari moja: Dell na HP ndogo za ofisini mara nyingi zina pawa saplai ya umbo lake na plagi yake, ile ya kawaida haiingii, kwa hiyo asikuuzie kabla ya kuipachika ukaiona inawaka. Kifaa cha zamani urudishiwe mkononi.

Baada ya hapo linabaki swali la umeme wenyewe, na hapa watu wanapoteza pesa. Stebilaiza inapandisha volti zilizopungua, hiyo ni kweli, ila umeme ukikatika haikusaidii. UPS ni kifaa chenye betri kinachoishikilia kompyuta umeme ukikatika, ila zile za bei ya chini kabisa hazipandishi volti; kila zikishuka inarukia kwenye betri, na kwa jioni za mtaani kwako betri itachoka mapema. Tafuta UPS iliyo na kidhibiti cha volti ndani yake, ulizia "ina AVR?", na uchomeke boksi na skrini tu. Printa ya leza, pasi au friji visiguse hapo. Friji nayo ihame kwenye soketi nyingine, isitoke kwenye ekstensheni moja na kompyuta.

Kununua mashine nyingine? Sikushauri kwa sasa, kusafisha na pawa saplai ni pesa ndogo mbele ya hiyo. Ila ikifika huko, kwa mazingira yetu nakupendekezea laptopu: betri yake ni UPS tayari, na chaja yake inakubali kuanzia volti 100. Hakikisha inaweza kubeba Windows 11, kwa prosesa za Intel ni kuanzia kizazi cha nane, kwa sababu Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tangu tarehe 14 Oktoba 2025. Hilo halihusiani na mashine yako kukata, mtu asije akalitumia kukuuzia.

Kuna dalili ambazo ukiziona uache kompyuta kabisa na umwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji: ukigusa bati la boksi unasikia ganzi au mchomo, soketi ni ya moto au ina harufu ya plastiki inayoungua, kipimo cha volti kwenye soketi kinasoma zaidi ya 250. Na taa zikianza kung'aa kupita kiasi chumba kimoja huku za chumba kingine zinafifia, zima swichi kuu na upige simu TANESCO usiku huo huo. Huenda waya wa nyutro umelegea, na hiyo inaunguza friji, TV na nyumba. Mwambie pia fundi apime volti kwenye soketi yako mara mbili, asubuhi na saa mbili usiku. Tofauti ikiwa kubwa una namba ya kupeleka ofisini kwao, na malalamiko yenye namba hushughulikiwa tofauti na yanayosema "umeme ni mdogo".

Kuhusu saa kurudi mwaka 2012, hilo ni jambo dogo mbali na haya. Kwenye madabodi kuna betri ya duara kama sarafu, imeandikwa CR2032, volti 3, inayoitunzia mashine saa wakati umechomoa waya. Yako imekwisha. Inauzwa hata kwa mafundi saa. Ibadilishe kwa uangalifu wakati wa kusafisha, upande wenye alama ya kujumlisha uangalie juu. Ukishabadilisha, rekebisha tarehe, na zile tovuti zilizokuwa zinakataa kufunguka kwa wajukuu zitafunguka, kwa sababu cheti cha tovuti ya leo, kwa mashine iliyo mwaka 2012, bado hakijazaliwa.